Kipande cha Mikroni 4

Kinyama cha titi kimelala ndani ya kibonge cha nta kilichopozwa juu ya barafu. Fundi wa maabara anazungusha mpini wa maikrotomu taratibu, na kwenye makali ya kisu unachomoza utepe mwembamba, kila kipande unene wa mikroni 4. Ukiupumulia, unapeperuka. Anaunyanyua kwa brashi, anaulaza juu ya maji ya uvuguvugu hadi mikunjo ijinyooshe, kisha anauopoa kwa kioo. Nimemwona akitupa tepe tatu kwa sababu ya mikwaruzo ambayo mimi sikuiona kabisa.

Anachofuatilia ni mwenendo wa jeni moja, HER2, iliyo kwenye kromosomu ya 17. Seli ya kawaida ina nakala 2 za jeni hiyo, nayo hutengeneza vipokezi vinavyokaa kwenye utando wa seli na kupokea amri ya kukua. Katika saratani za matiti takriban 15 hadi 20 kwa kila 100, nakala huzaana, vipokezi husongamana na kushikana, na seli huendelea kugawanyika bila kutumwa na mtu. Mtafiti Dennis Slamon na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba wagonjwa wa namna hii hurudiwa na ugonjwa mapema zaidi. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha trastuzumab, dawa inayokwenda kukishika kipokezi hichohicho.

Dawa hiyo haitolewi kwa kukisia; kinyama hupimwa kwanza. Ili kipimo kiaminike, kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ndani ya saa 1 tangu kitolewe mwilini, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikicheleweshwa, hata rangi nzuri kiasi gani ya kuonyesha vipokezi itadanganya. Hatua hii naiheshimu kuliko zote, maana anayeifanya vizuri hakuna anayemkumbuka.

Baada ya rangi, hadubini. Alama ya juu kabisa, 3+, haina ubishi: seli zimezungushiwa mstari mzito wa kahawia, zikiwa pamoja kama waya wa banda la kuku. Kazi iko kwenye 2+, mstari upo lakini umefifia. Hapo daktari wa patholojia hakisii. Anaagiza jeni zenyewe zihesabiwe. Taa zinazimwa. Ndani ya kila kiini yanang'aa madoa, mekundu ya HER2, ya kijani ya kromosomu yake.

“Mekundu kumi na moja, kijani mawili,” anasema kwa sauti ya chini, anaandika, anahamia seli ya pili.