Kuijenga Ofisi Isiyokuwapo

Programu ya hesabu za duka unaweza kuiandika peke yako, ukaijaribu peke yako, na ikawa sawasawa. SharePoint haikubali hivyo. Anayetaka kutengeneza nyongeza za SharePoint, ile inayowekwa kwenye seva za kampuni yenyewe, hatosheki na Visual Studio. Anahitaji Windows Server, anahitaji Active Directory inayowajua watumishi kwa majina na vyeo, anahitaji SQL Server ya kutunza hifadhidata, IIS ya kuwapokea wanaoingia kwa kivinjari, na seva ya barua pepe ya kuwaambia watu kwamba kuna hati inawasubiri. Hii ni programu ya watu kufanya kazi pamoja, na penye kazi ya pamoja pana karani, mkuu wa idara, mhasibu, mkaguzi, na yule aliyeacha kazi mwezi uliopita. Developa hana budi kuijenga kwanza ofisi hiyo nzima ndani ya kompyuta yake, ndipo aandike mstari wa kwanza wa msimbo. Wengi huuona ujenzi huo kuwa usumbufu wa kumalizwa upesi. Mimi nauheshimu kama ufundi uliokamilika, na sijapata kuona nyongeza nzuri ya SharePoint iliyozaliwa katika mazingira yaliyojengwa ovyo.

Zana zenyewe zilitulazimisha tujifunze. SharePoint ya 2007 haikusakinishika kwenye Windows ya kawaida ya mezani. Ilitaka Windows Server tu. Ya 2010 ilifungua mlango kidogo: ungeweza kuiweka kwenye Windows 7 ya biti 64, mradi kwanza ufungue faili la usanidi la kisakinishi na kuongeza mstari mmoja wa ruhusa. Ya 2013 ikaufunga tena mlango huo. Basi madevelopa wakahamia kwenye mashine pepe, yaani seva nzima iliyomo ndani ya laptopu, wakitumia Hyper-V au VirtualBox. Kwa toleo hilo la 2013 Microsoft ilitaja gigabaiti 8 za RAM kwa developa mwenye huduma chache za lazima, 10 akiwa na Visual Studio humo humo, na 24 akitaka huduma zote ziwake. Laptopu nyingi za wakati ule hazikuzifikia 24 hata kwa mbali.

Hapo ndipo ufundi ulipoanza. Fundi hawashi kila kitu. Hujiuliza nyongeza anayoitengeneza inagusa nini: je, inategemea utafutaji? Kama haitegemei, huduma ya utafutaji izimwe, maana michakato yake hula kumbukumbu mchana na usiku hata kama hakuna anayetafuta kitu. SQL Server nayo, isipowekewa kikomo, hujitwalia RAM kadiri inavyoipata, hivyo huwekewa kikomo mapema, kabla haijaisonga SharePoint iliyo jirani yake. Saraka ya watumishi huwekwa kwenye mashine pepe ndogo ya pembeni, ili seva kubwa ikivunjwa na kujengwa upya, watu wasipotee pamoja nayo. Maamuzi haya hayaonekani katika kazi iliyokamilika. Lakini ukiketi mbele ya mashine iliyopangwa hivyo utayatambua upesi: kurasa zinafunguka, na developa anaweza kujaribu jambo mara nyingi kwa saa bila kuchoshwa na kusubiri.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni akaunti. SharePoint iliyosakinishwa kwa uangalifu haitumii akaunti moja. Kuna ya kusakinishia, yenye mamlaka juu ya seva na ruhusa ya kuunda hifadhidata. Kuna ya shamba lenyewe la seva, yaani mkusanyiko wote wa seva za SharePoint, inayoendesha kurasa za usimamizi na kazi za ratiba. Kuna inayoendesha tovuti za watumishi, kuna ya huduma za ndani, na kuna inayozunguka kusoma hati kwa ajili ya utafutaji. Hii ya mwisho hupewa kusoma tu, na sababu yake ni nzuri: ukiiongezea mamlaka hadi iwe miongoni mwa wasimamizi wa shamba, itasoma hata rasimu ambazo hazijachapishwa na kuziingiza kwenye faharasa. Mpaka mmoja mdogo wa ruhusa unalinda barua ambayo mkurugenzi bado anaifikiria.

Developa mwenye haraka hutumia akaunti ya msimamizi mkuu kwa kila jambo, na kila jambo humfungukia. Hilo ndilo la kuogopwa. Mtu mwenye funguo zote hawezi kujua ni milango gani imefungwa kwa wenzake. Tena SharePoint ina tabia ambayo wageni wa kazi hii hawaitarajii: ukiingia kwenye tovuti kwa akaunti ile ile inayoiendesha tovuti hiyo, jina lako halionekani, mahali pake huandikwa "System Account". Na mtiririko wa idhini uliopangwa kuanza wenyewe hati inapowekwa hautaanza kwa mtu huyo, kwa sababu programu imezuia makusudi akaunti ya mfumo isiuamshe. Developa ataweka hati, atasubiri, hakitatokea kitu, na ataitafuta hitilafu katika msimbo usio na hitilafu. Aliyetenganisha akaunti zake tangu mwanzo hakutani na fumbo hilo kamwe. Ndiyo maana nasema kutenganisha akaunti ni sehemu ya fikra ya kazi, wala si urasimu wa watu wa usalama.

Kisha waje watu. Microsoft yenyewe imebuni kampuni iitwayo Contoso, isiyokuwapo duniani, yenye watumishi na idara, na imeitumia kwa miaka mingi katika mafunzo na maonyesho yake. Kuitumia ni sawa kwa kuanzia. Lakini ninaamini kila fundi anapaswa kubuni ofisi yake mwenyewe, inayofanana na zile atakazozihudumia. Kujaribu programu ya ushirikiano kwa akaunti moja ni kucheza bao peke yako ukikaa pande zote mbili: kete zinatembea, lakini hakuna hata mara moja utakayoshtushwa na mpinzani. Katika chama cha akiba na mikopo nilichokibuni mimi kuna mwenyekiti, meneja, mhasibu, maafisa mikopo wawili wasiopaswa kuona mafaili ya wateja wa mwenzao, karani anayeingiza fomu bila kuruhusiwa kuzifuta, na mkaguzi wa nje anayesoma kila kitu asiweze kubadili hata herufi. Yupo pia aliyeko likizo huku maombi yakirundikana mezani kwake. Na yupo aliyeacha kazi.

Huyu wa mwisho nampa nafasi ya heshima. Akaunti yake ikifutwa katika Active Directory, jina lake halifutiki katika tovuti. SharePoint hubaki na orodha yake ya ndani ya watu iliyowahi kuwajua, na hati alizoziandika zitaendelea kubeba jina lake. Nyongeza inayodhani kwamba kila jina katika hati lina mtu hai nyuma yake itaanguka siku itakapokutana naye. Kila ofisi ya kweli ina watu wa namna hiyo, na katika ofisi kongwe hukaribia kuwazidi waliopo. Mazingira yasiyo na aliyeacha kazi yanamdanganya developa kuhusu jambo la kawaida kabisa katika maisha ya taasisi.

Majina nayo yachaguliwe kwa makusudi. Mifano ya Kimarekani imejaa majina mafupi ya herufi nyepesi. Ofisi ya Tanzania au Kenya ina watu ambao majina yao yana Ng' ndani yake, na alama ile ndogo ya ritifaa, ikipita katika msimbo ulioandikwa bila tahadhari, hukata sentensi ya hifadhidata katikati na kuiharibu. Weka mtumishi mmoja mwenye jina la namna hiyo katika ofisi yako tangu siku ya kwanza, uone atakachokufichulia. Weka na mwenye majina matatu marefu ambayo hayaenei katika kisanduku ulichokichora kwa upana wa jina la Bob.

Saa pia. Windows Server ya Kiingereza cha Marekani husakinishwa ikiwa imeelekezwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, na tovuti ya SharePoint inayofuata desturi hiyo hutanguliza mwezi mbele ya siku. Tarehe 3 Aprili huandikwa kama ambavyo sisi tungeandika tarehe 4 Machi, na zote mbili ni tarehe halali, kwa hiyo hakuna onyo litakalotokea. Zaidi ya hapo, SharePoint hutunza nyakati katika hifadhidata kwa saa ya kimataifa ya UTC, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Mkopo unaoiva saa sita usiku, siku inapoanza Nairobi, hifadhidata inaujua kama wa saa tatu usiku wa siku iliyotangulia. Msimbo ukisoma thamani hiyo bila kuirudisha kwenye saa ya tovuti, tarehe inarudi nyuma kwa siku moja, na mwanachama anahesabiwa siku ambayo si yake. Kwenye seva iliyoachwa na saa ya mbali, developa anaweza kufanya kazi miezi kadhaa asiione hitilafu hii. Kwenye seva iliyowekwa saa ya Nairobi, huiona wiki ya kwanza.

Kuna kizuizi kimoja ambacho kila aliyeanza kazi hii amekutana nacho. Unaipa tovuti jina zuri la ofisi yako, unafungua kivinjari ukiwa ndani ya seva ile ile, na unaombwa nywila. Unaiandika sahihi. Unaombwa tena, na tena, kisha unatupiwa ukurasa mweupe wa hitilafu 401. Windows imekuzuia kwa sababu seva inajiita yenyewe kwa jina lisilo lake, na tangu Service Pack 1 ya Windows Server 2003 hilo limechukuliwa kuwa dalili ya shambulio. Njia ya mkato ni kuuzima ulinzi huo wote. Njia ya fundi ni kuiandikia seva orodha ya majina inayoruhusiwa kujiita, na kuuacha ulinzi ukiwa macho kwa mengine yote. Tofauti ni dakika chache za kazi. Napendelea ya pili hata kwenye mashine ya majaribio, kwa kuwa mkono uliozoea kuzima ulinzi hauchagui mashine.

Nimeona timu zikitaka kuokoa gharama kwa kuwapa madevelopa wote seva moja. Sishauri. Mmoja akisimamisha msimbo ili auchunguze hatua kwa hatua, tovuti inasimama kwa wote. Akiwasha upya IIS, kazi ya kila mtu inakatika. Kila fundi na ofisi yake.

Ili hilo liwezekane bila mateso, ujenzi wote uandikwe kama skripti ya PowerShell. Mchawi wa usakinishaji, ule wa kubofya "endelea" hadi mwisho, hukuachia hifadhidata zenye mikia mirefu ya herufi na tarakimu isiyosomeka. Skripti inazipa majina uyatakayo. Brian Lalancette aliufanyia ulimwengu wa SharePoint wema mkubwa kwa AutoSPInstaller, skripti inayosoma maelezo ya shamba la seva kutoka faili moja na kulijenga lote huku wewe ukiendelea na mengine. Huku kwetu, ambako viraka vya gigabaiti kadhaa hupakuliwa kwa bando la kununua, skripti inayosoma kila kitu kutoka diski ya nje, inayopitishwa kutoka dawati hadi dawati, ina thamani zaidi. Programu zenyewe zinapatikana: SQL Server ya madevelopa ni ya bure tangu 2016, na Windows Server hutolewa kwa majaribio ya siku 180. Muda ukiisha, unajenga upya.

Wingu halikuufuta ufundi huu. SharePoint Framework ilipotoka mwaka 2017, nyongeza zikahamia kwenye kivinjari, na zana zikawa Node.js na gulp. Mwanzoni developa alipewa ukurasa wa majaribio unaowaka kwenye laptopu yake bila seva yoyote. Ulikuwa mwepesi, lakini haukuwa na tovuti, wala orodha, wala mtu. Haukuweza kukuambia kama karani ataiona fomu. Toleo la 1.13, mwaka 2021, likauondoa, na majaribio yakarudi kufanyika ndani ya tovuti yenye watu. Microsoft ilikuwa ikiwapa madevelopa ofisi tupu ya Microsoft 365 yenye leseni 25 za kuijaza watumishi, lakini mwaka 2024 ikabana mlango huo, ukabaki hasa kwa wenye usajili wa kulipia wa Visual Studio na washirika wake. Hilo linanisikitisha, kwa sababu kijana wa Mwanza au Kisumu aliyekuwa akijifunzia pale hana kampuni ya kumlipia. Mashine pepe bado iko wazi kwake, na ujuzi atakaoupata humo ni mpana kuliko ule wa kukabidhiwa ofisi iliyokwisha kupangwa.

Skripti ya mtu aliyedumu katika kazi hii huwa na mistari ambayo haimo katika mwongozo wowote: mtumishi mwenye ritifaa katika jina, mkaguzi wa kusoma tu, saa ya Nairobi, akaunti iliyofungwa makusudi. Kila mmoja uliongezwa baada ya ofisi fulani ya kweli kuonyesha jambo ambalo ofisi ya kubuni haikuwa nalo. Nikiulizwa nimpimeje developa wa SharePoint, naomba kwanza nione skripti hiyo, na naanzia kwenye orodha ya watu.