Jinsi ya Kumpima Nzi wa Manyoya

Mwaka wa 1905 Ewart Grogan, Mwingereza yule ambaye jina lake lilikuwa limekwisha enea kwa ajili ya safari yake ya kutoka Cape mpaka Cairo, alileta trauti wa kahawia wa Loch Leven ya Uskochi, nao wakatiwa katika Gura, mto ushukao kwa ghadhabu kutoka milima ya Nyandarua. Na ingawa mahali pale hapako mbali na ikweta, kimo cha nchi kiliyapoza maji hata yakawafaa wageni hao, wakaishi na kuzaana, na baadaye wakaongezewa jamaa zao wenye mbavu za rangi ya upinde wa mvua, basi Thego, Sagana, Ragati, Naro Moru na Burguret, mito ya Mlima Kenya, ikawa nayo makazi ya trauti. Pamoja na samaki ikaja desturi ya kuwavua kwa mshipi na nzi wa manyoya, yaani ndoana iliyovikwa uzi, sufu na unyoya ikafananishwa na kidudu cha majini. Na pamoja na desturi ikaja kazi ya mikono iliyodumu kuliko wale walioileta, maana mafundi wa Nairobi na wa miji ya nyanda za juu wamekuwa wakifunga nzi hao kwa dazeni tangu zama za ukoloni, na shehena zao huvuka bahari kwenda Ulaya na Marekani, ambako mvuvi hutega kando ya mto wa kwao kwa kazi ya mkono wa Mkenya, wala asijue.

Mwenye jamaa na marafiki wapendao kwenda mtoni siku za mapumziko hana budi kuwa mnunuzi mkubwa wa vitu hivi, kwa kuwa mti wa kando ya maji huchukua wake, jiwe huchukua wake, na shemeji asiyezoea kurusha mshipi huchukua zaidi ya mti na jiwe pamoja. Ni haki basi ajue anachokinunua. Mchunguzi asiyezoea huanza na rangi, naye aghalabu huishia hapo hapo; ilhali ubora wa nzi, kwa insafu, hukaa mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi, chini ya manyoya, katika uzi ambao fundi aliulaza kabla ya kutia kitu chochote cha kupendeza, na mtu atakaye kuujua hana budi kutumia vidole vyake, ukucha wake, na hata mdomo wake.

Aanze na ndoana, kwa sababu ndiyo peke yake imshikayo samaki, na vyote vilivyosalia ni vishawishi. Ndoana huhesabiwa kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo: ya 8 ni kubwa, ya 12 na ya 14 ni za kazi ya kila siku katika mito yetu ya milimani, na ya 20 humhitaji mtu mwenye macho ya kijana. Ncha iwekwe juu ya ukucha wa dole gumba ikavutwa taratibu pasipo kukandamizwa. Ikishika papo hapo ni kali, ikiteleza ni butu, na haifai kitu hata ikiwa imevikwa manyoya ya tausi. Kisha mmoja katika dazeni abanwe kwenye jiriwa, mti wa ndoana yake usukumwe kidogo kwa kidole: chuma kilichotiwa ugumu kwa kiasi hukubali kupinda kisha hurejea, kilichozidishiwa ugumu hukatika kwa mlio mdogo, na kilichopunguziwa hubaki kimepinda. Jaribio hili humharibu pengine nzi mmoja, lakini huwanusuru samaki wengi wasiende zao na ndoana iliyonyooka.

Sasa uzi, ambao juu yake nitakawia. Fundi mwema huulaza juu ya mti wa ndoana kuanzia karibu na tundu mpaka panapoanza kikombo, mzingo kando ya mzingo, kabla hajafunga mkia wala kiwiliwili, kwa kuwa chuma ni laini na unyoya ni laini, na vilaini viwili havishikani mpaka kipatikane cha tatu cha kuvipatanisha. Kazi hiyo huchukua muda, na ikiisha hufunikwa yote isionekane tena. Ndiyo maana fundi mwenye haraka, au aliyepunjwa ujira, huanza kuiba hapo. Njia ya kumgundua ni nyepesi. Shika kikombo cha ndoana kwa vidole vya mkono mmoja, bana kiwiliwili cha nzi kwa vidole vya mkono wa pili, ujaribu kukizungusha. Kikizunguka juu ya chuma, mrejeshe mahali ulipomtoa, kwa maana meno ya trauti wa kwanza yatamvua nguo zote, na utabaki na ndoana tupu yenye taka za manyoya mkiani. Wala mtu asidhani kwamba uzi mwingi ndio uimara. Uzi mwembamba uliokazwa karibu na kukatika hushika kuliko mnene uliorundikwa, na kila mzingo usio na kazi huongeza unene mahali ambapo kidudu cha kweli ni chembamba.

Mwisho wa uzi ni kichwani, na mwenye uzoefu hutazama kichwa kwanza, kama akilazimishwa kutoa hukumu kwa nukta moja tu. Kichwa cha nzi mwema ni kidogo, kimefinyika kuelekea mbele, na baina yake na tundu la ndoana kuna nafasi safi. Fundo la kumalizia limezungushwa juu ya ncha yake lenyewe likaimeza, hata hapaonekani uzi uliochomoza. Na tone la vanishi limepita likakauka bila kuingia tunduni. Kichwa kinene ni dalili ya mwanafunzi mwenye hofu, ambaye aliongeza mizingo kwa sababu hakuiamini ile ya kwanza. Tundu lililozibwa kwa vanishi ni kosa la dharau, kwa kuwa fundi angeweza kulizibua kwa unyoya mmoja kabla halijakauka, na asipofanya hivyo humwachia mvuvi kazi hiyo, naye mvuvi atakuwa amesimama maji yakimfika magotini, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, magharibi imekaribia, na samaki wanavunja maji mbele yake.

Baada ya uzi ni kola ya manyoya, ile inayozunguka shingo ya nzi na kumsimamisha juu ya maji. Kwa nzi aeleaye hutakiwa unyoya wa shingo ya jogoo aliyekomaa, maana nywele zake ni ngumu, zinang'aa, na zimeachana moja moja tangu shina, zikasimama kama mbavu za mwavuli. Unyoya wa kuku jike ni laini, una utando karibu na shina, nao hunywa maji. Katika Marekani wafugaji wamechagua na kuzalisha majogoo kwa ajili ya manyoya haya tu, vizazi juu ya vizazi, hata unyoya mmoja umekuwa mrefu na mwembamba kiasi cha kutosha kufunga nzi kadhaa, na bei yake humshangaza mtu anayejua bei ya jogoo mzima sokoni Karatina. Ili kuujua ubora wake katika nzi aliyekwisha fungwa, gusa nao mdomo wako wa chini: kola njema huchomachoma, kola mbaya hubembeleza. Urefu wa nywele hizo usipungue mara moja na nusu ya uwazi uliopo baina ya ncha na mti wa ndoana, wala usizidi mara mbili yake. Ama wingi wake, hapo wajuzi hutofautiana, nami naona kwamba hukumu ni ya mto, si ya mtu: katika Gura, ambako maji hayatulii ila nyuma ya jabali, kola nzito ni fadhila, kwani nzi mwepesi huzamishwa kabla samaki hajamwona; lakini katika maji yaliyotulia ya bwawa, ambako trauti ana nafasi ya kutazama na kufikiri, kola hiyo hiyo ni ufidhuli.

Lakini unyoya laini wa kuku jike usitukanwe. Nzi wa kuzama huutaka huo huo, kwa kuwa ndani ya maji nywele zake huchezacheza na kuonyesha uhai ambao unyoya wa jogoo hauna. Basi anayemlaumu nzi wa kuzama kwa sababu kola yake imelegea amepima kwa kipimo kisicho chake. Kwanza jua nzi huyu ni wa juu au wa chini, ndipo umhukumu.

Ulinganifu wa viungo hupimwa mezani. Nzi aeleaye huwa na mkia wenye urefu wa mti wa ndoana, na mbawa, ikiwa anazo, zenye urefu huo huo, zimesimama sawa bila mmoja kuupita mwingine. Ukimdondosha mezani toka kimo cha shubiri, hutua kwa ncha za kola na mkia, ameinua kichwa, na ndoana yake haikwami chini. Arudiwe mara kadhaa. Akiangukia ubavu kila mara, mizani yake imekosewa, na mtoni atalala vivyo hivyo. Mwenye bilauri ya kioo amtie majini na kumtazama kwa chini, kwa maana huko ndiko trauti anakomtazamia, nasi kwa muda mrefu mno tumewapima nzi hawa kwa juu, kwa jicho la ndege.

Sehemu kubwa ya chakula cha trauti iko chini ya uso wa maji, katika mabuu ya wadudu yanayotambaa juu ya changarawe na kupanda polepole kwenda kugeuka, kwa hiyo mwenye sanduku lililojaa nzi waeleao watupu amenunua kwa ajili ya macho yake mwenyewe. Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon katika Wiltshire, alitambua kwamba buu linapoogelea huibana miguu yake mwilini, akafunga nzi asiye na miguu kabisa, kwa nywele za mkia wa kwale wa Kizungu na waya mwembamba wa shaba, bila uzi wowote, na waya huo ukawa ndio uzito na ndio kifungo. Nzi huyu hudhaniwa kuwa rahisi. Kwangu ndiye mtihani mkubwa wa fundi, kwa kuwa hana mbawa wala kola ya kuficha dosari: kiwiliwili chake kikivimba katikati badala ya kunenepa kidogo kidogo kuelekea kifuani, au waya ukiacha mapengo yasiyolingana, aibu yote huwa hadharani.

Rangi haina haja ya maneno mengi. Claudius Aelianus, Mrumi aliyeandika kwa Kiyunani yapata mwaka 200, ameeleza wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuitia manyoya mawili ya jogoo yenye rangi ya nta, nao walipata samaki. Lililo muhimu ni kwamba sufu ikilowa hugeuka rangi ikawa nyeusi zaidi, kwa hiyo nzi alowekwe kwanza, ndipo aulizwe rangi yake.

Baada ya kumpima mmoja, wapange wote kumi na wawili mstari mmoja, vichwa upande mmoja. Kufunga nzi mzuri ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye subira huweza kulifanya siku ya furaha; kumfunga wa kumi na mbili akawa ndugu wa yule wa kwanza, mikia sawa, vichwa sawa, ndiko kunakomtenga fundi na mcheza. Kisha ongea na fundi mwenyewe. Ukimwuliza, "Fundi, hawa ni wa maji gani?" mmoja atakujibu, "Hawa ni wa maji ya kasi, mzee, wale pale ni wa bwawa," na mwingine atakujibu, "Hawa ni wa trauti, bosi." Wala huyo wa pili asidharauliwe mara moja, kwa sababu mafundi wasio wachache hawajapata hata siku moja kushika ufito wa kuvulia, nao hufuata sampuli waliyopewa kwa uaminifu ambao mvuvi mwenyewe, mwenye rai zake nyingi, hawezi kuuiga; basi kama nzi ni mbaya, mara nyingi aliyeleta sampuli ndiye wa kuulizwa.

Nzi wa jamaa na wageni ana sheria zake. Wa mtoto awe na chembe ya ndoana, yaani ule mwiba mdogo wa nyuma ya ncha, iliyobanwa kwa koleo mpaka ikalala, maana mshipi wa mtoto hupita karibu na masikio ya watu, na ndoana isiyo na chembe hutoka sikioni kwa amani; tena awe na kishungi cheupe juu yake, ili mtoto aone alipo juu ya maji, kwani asiyemwona nzi wake huchoka upesi na kurudi kutupa mawe katika maji ya babaye. Uzuri mwingine wote kwake ni wa ziada. Marafiki nao, wakiwa wamevua kwa sanduku moja kutwa nzima, waweke pamoja nzi waliotumika na kuwatazama: aliyepoteza nywele za kola baada ya samaki watatu wanne amefanya kazi yake, lakini aliyefumuka kichwa hajaonewa na samaki, ameonewa na aliyemfunga.

Ujira wa kazi hii hulipwa kwa hesabu ya nzi, si kwa hesabu ya saa, basi anayeomba bei ipunguzwe ajue kwamba kitakachopunguzwa ni ule uzi wa chini usioonekana. Ni afadhali kumwambia fundi namba ya ndoana, jina la mto, na kama maji ni ya masika au ya kiangazi, kumpa bei anayoitaka, na kuagiza nusu dazeni tu kwa mara ya kwanza. Kisha, baada ya kuvua nao, kumrudishia mmoja aliyechakaa kabisa, ili aone mwenyewe palipoanza kufumuka, kabla hajaanza kufunga dazeni inayofuata.