Mrithi wa Datsun

Kuna aina mbili za maandishi kuhusu gari la spoti lililozeeka. Ya kwanza ni tanzia: ati gari la zamani lilikuwa na roho, haya ya siku hizi ni simu zenye magurudumu. Ya pili ni tangazo: rodista mpya ina roho ileile, tofauti ni kwamba haivuji oili. Hiyo ya pili naijua kwa ndani. Tangu niache chuo mwaka wa tatu, kodi yangu hapa Witeithie hutokana na kuandikia yadi maelezo ya magari, nikilipwa kwa hesabu ya maneno. Neno "roho" nimeliuza mara nyingi kuliko mchungaji.

Tanzia na tangazo huonekana kama maadui, lakini ni ndugu. Zote zinauliza nani amerithi sura ya gari la kale. Tanzia inajibu: hakuna. Tangazo linajibu: huyu hapa, lipa pole pole. Hakuna inayouliza lile gari la kale lilikuwa likifanya kazi gani.

Chukua Datsun 240Z. Ilitoka 1969: viti viwili, silinda sita, lita 2.4, kabureta mbili, boneti ndefu ya kujigamba. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally. Mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda nayo tena. Wazee wa Kenya wakiitaja, sauti zao hubadilika, na hapo ndipo tanzia hufunga kitabu.

Lakini hebu tusome ukurasa unaofuata. Ushindi ule wa 1973 ulikuwa sare. Mehta alimaliza na alama sawa na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS, gari la ukoo wa Bluebird, ule wa kubebea familia. Ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Kisha Mehta akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo. Kwa kutumia gari gani? Datsun 160J, halafu Violet GT, magari ya ukoo mmoja yenye sura ya boksi, ambayo hakuna kijana angeyabandika ukutani. Safari ya miaka ile ilikimbiwa wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, maelfu ya kilomita za matope, vumbi na mawe. Barabara haikuuliza nani mrembo. Mrithi wa gari la spoti alikuwa gari la kupeleka watoto shule.

Nimelifikiria hili sana kwa sababu ya mzee mmoja wa Thika anayeleta 240Z yake kwa fundi jirani yangu. Namba yake ya usajili haina herufi ya mwisho, maana yake ilisajiliwa kabla ya 1989, wakati wengi wetu hatukuwa hata wazo. Usukani ni mzito, klachi ni nzito zaidi, na magoti ya mzee yamekataa. Anataka kuiuza anunue Mazda MX-5. Siku moja aliniambia, "Kijana, si wewe huandika magari? Basi niambie ukweli, usiniandikie."

Ukweli ni kwamba MX-5 ni gari zuri kuliko matangazo yake. Ilizaliwa 1989, miaka ambayo rodista nyepesi za Uingereza zilikuwa zimebaki hadithi. Walioichora walizisoma kwa makini, hasa Lotus Elan ya 1962, wakachukua wepesi na kuacha uvujaji. Kule Japani inaitwa Roadster tu, kama mtu anayejiamini. Kufikia 2016 zilikuwa zimetengenezwa milioni moja. Kizazi cha nne, kilichotoka 2015, kina uzito wa karibu tani moja, yaani kinakaribiana na 240Z yenyewe. Wakati kila gari linanenepa, hiyo ni nidhamu. Hapa nakala imemshinda babu, na mkosoaji asiyekubali hilo anapenda huzuni kuliko magari.

Ila nakala hiyo imemrithi Mwingereza. Haijamrithi Datsun. MX-5 ililetwa duniani kwa ajili ya lami inayopinda na jioni isiyo na haraka. Ipeleke kwenye barabara zetu za ndani, ambapo tumbo lake litasalimia kila tuta na vumbi jekundu litakaa nawe kiti cha mbele, ndipo utajua kwamba kukosa paa nako ni msimamo.

Nilidhani fundi angemtetea Datsun. Ndiyo chakula chake: gari la kabureta analifungua kwa macho na masikio, la sasa linadai kwanza mashine ya kusoma kompyuta yake. Hata spea nyingine za 240Z huzichonga mwenyewe. Lakini alipangusa mikono, akasema, "Mzee wangu, uza tu. Hii gari huendeshi siku hizi. Unaitembelea kama mgonjwa."

Sijasoma ukosoaji mkali kuliko huo kwenye gazeti lolote. Tuna hata sherehe ya aina hiyo ya kutembelea: Concours d'Elegance ya Nairobi, iliyoanza 1970, ambapo waamuzi hukagua mpaka usafi wa injini. Napenda kutazama. Lakini 240Z haikupata jina hapa kwa usafi. Ilipata jina ikiwa imepakwa matope mpaka kwenye vioo.

Basi auze? Ndiyo, na asichelewe. Jambo zito ni nani anamuuzia. Sheria yetu haikubali gari lililotumika ng'ambo liingizwe nchini likiwa limepita miaka 8. Kwa serikali, gari huzeeka kabla ya mtoto kumaliza darasa la tatu. Kwa hiyo 240Z ikichukuliwa na mkusanyaji wa nje, kwa njia ya kawaida hairudi. Tutabaki na picha zake na sisi waandika tanzia. Auziwe mtu wa hapa mwenye magoti mazima, hata kwa bei pungufu, mtu atakayeichafua. Naye fundi abaki na kazi.

MX-5 nayo mzee ainunue bila kuibebesha jina la marehemu. Kutoka Thika kwenda Gatundu kuna lami nyembamba zinazopinda juu ya matuta ya kahawa na chai. Jumapili asubuhi, kabla ya bodaboda kuamka, pale ndipo rodista itamwambia mzee wa magoti mabovu kwamba bado ni dereva. Hilo linatosha. Halihitaji neno "roho".

Na kama bado unamtafuta mrithi halisi wa Datsun zile za Safari, usimtafute kwenye yadi ya magari ya spoti. Simama hapo kwenye superhighway ya Thika ukisikiliza. Atakupita mbio, boksi tupu lisilo na haya, limelalia magurudumu ya nyuma kwa mzigo wa miraa. Anaitwa Probox. Hakuna atakayemwandikia tanzia, kwa sababu hajapata muda wa kufa.