Uzito wa Kutojua

Kihisi kilichofukiwa mchangani huko Arizona, karibu na mpaka wa Mexico, hakioni kitu. Kinajua tu kwamba ardhi imetikisika. Huenda ni mtu anayevuka kwa miguu, huenda ni ng'ombe, huenda ni upepo. Mwaka 2005 wakaguzi wa Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani waliripoti kuwa zaidi ya asilimia 90 ya tahadhari zilizofuatiliwa na askari zilikuwa za uongo: treni, magari ya wenyeji, wanyama.

Ninaowastahi ni mafundi walioifundisha kompyuta kusema "bado sijui", tena kwa kipimo. Msingi wao uliwekwa na Arthur Dempster mwaka 1967, na Glenn Shafer akaujenga kuwa nadharia kamili katika kitabu chake cha mwaka 1976.

Tuchukue namba za mfano. Kihisi kinaweka uzito wa 0.7 kwa "mtu au mnyama", bila kuchagua kati yao. Ile 0.3 iliyobaki hakimpi yeyote. Kinaiacha wazi kwa lolote, upepo ukiwemo. Kamera ya joto, ambayo kwa umbali ule inaona doa tu, inampa mnyama 0.5 na nusu nyingine inaiacha wazi. Ukizidisha jozi kwa jozi, mnyama anapata 0.5, "mtu au mnyama" 0.35, na 0.15 inabaki wazi. Sasa uliza swali la askari: ni mtu? Ushahidi unaomlenga mtu peke yake ni sifuri, lakini uwezekano wake unafika 0.5. Swali moja limepata namba mbili, na pengo lililo kati yake ndiko kutojua kwenyewe. Hesabu ya papara ingeigawa ile 0.35 nusu kwa nusu, ikambebesha mtu ushahidi ambao hakuna chombo kilichoutoa. Kwangu mimi, kujizuia huko ndiko ufundi.

Kanuni hiyo ya kuunganisha ushahidi ina hatari zake. Mwaka 1979 Lotfi Zadeh alitoa mfano wa madaktari wawili wanaopingana karibu kabisa, isipokuwa kila mmoja anaupa uvimbe wa ubongo asilimia 1. Kanuni inatupa yote waliyopingana, kisha inatangaza uvimbe kwa uhakika kamili! Ndiyo maana fundi makini huutazama kwanza ukubwa wa mgongano. Chombo chenye sifa mbaya hupunguziwa sauti kabla hakijaunganishwa na vingine: kikiaminika nusu tu, 0.7 yake inakuwa 0.35, na kinachotoka kinaongezwa kwenye fungu la kutojua. Kipimo hicho cha kuaminika hakipatikani ofisini. Lazima mtu aende kila kilipolia, mvua inyeshe au upepo uvume, aandike alichokikuta.

Pengo likiwa pana, mfumo ulioundwa vizuri hautumi gari la askari mbio wala haufuti tahadhari. Unageuza kamera nyingine upande ule na kusubiri ushahidi zaidi. Wavukaji wengi wamekufa kwa joto na kiu katika jangwa hilo. Mashine ambayo ingesoma sifuri ile ya kwanza kuwa "hakuna mtu" ingemwacha huko hata yule anayehitaji kuokolewa.