Aya ya pili ya Jenerali Handy

Kila Agosti ubishi ni uleule: Marekani ilikuwa na haki ya kuipiga Hiroshima au haikuwa nayo? Mmeusikia hadi mmechoka, na filamu ya Oppenheimer mmeshaitazama. Leo nina ugomvi na karatasi moja tu. Ni amri ya tarehe 25 Julai 1945, yenye saini ya Jenerali Thomas Handy, kaimu mkuu wa jeshi la Marekani. Aya yake ya pili ndiyo kazi mbovu kuliko zote katika mradi mzima wa Manhattan, ule uliotengeneza bomu la atomiki.

Aya ya kwanza inaeleweka. Kikosi cha anga cha 509 kiangushe bomu la kwanza kuanzia tarehe 3 Agosti hivi, hewa ikiruhusu kulenga kwa macho, juu ya Hiroshima, Kokura, Niigata au Nagasaki. Ya pili inasema mabomu yatakayofuata yaangushwe kwenye miji hiyo mara tu wataalamu wa mradi watakapoyakamilisha. Basi. Hakuna kusubiri jibu la Tokyo wala kuuliza Washington. Aliyeiandaa ni Jenerali Groves, mkuu wa mradi. Mkuu wa jeshi mwenyewe, Marshall, alikuwa mkutanoni Potsdam na Rais Truman. Jenerali Spaatz, kamanda wa anga aliyepelekewa amri hiyo na aliyedai apewe kwa maandishi, alipewa maandishi yasiyo na breki. Ni sawa na kumkabidhi dereva funguo za lori la mafuta na kumwambia aondoke barabara ikikauka.

Matokeo tunayajua. Hiroshima ilipigwa tarehe 6. Bomu la pili lilipangiwa tarehe 11, lakini watabiri wa hewa walipoona siku kadhaa za mawingu zinakuja, likawahishwa hadi tarehe 9. Mtabiri wa hewa ndiye aliyepanga siku! Upande wa pili, mwanafizikia Yoshio Nishina alikuwa amefika Hiroshima tarehe 8 kuhakikisha kama kweli lile ni bomu la atomiki. Usiku huo Wasovieti wakaingia vitani. Asubuhi ya tarehe 9 Baraza Kuu la Vita la Japani lilikuwa limeketi kujadili namna ya kusalimu amri, na habari za Nagasaki zikawakuta kikaoni.

Haraka hiyo ilifika hadi mezani kwa mafundi. Kwa maelezo yake mwenyewe, Bernard O'Keefe, ofisa kijana wa jeshi la majini, alikuwa akikagua Fat Man, bomu hilo la pili, usiku kwenye kisiwa cha Tinian, kituo cha kikosi cha 509, akagundua kebo imefungwa kinyume: plagi jike inakutana na jike. Kuifungua upya kungekula muda mrefu. Akachukua chuma cha kulehemu, marufuku kabisa jirani na baruti, akabadilisha plagi palepale kando ya bomu. Yote hayo kuwahi mawingu.

Rubani Tibbets aliifanya safari ya Hiroshima bila dosari. Sweeney, rubani wa bomu la pili, alikwenda na mafuta yaliyonasa kwenye tangi la akiba, akapoteza muda Yakushima akisubiri ndege ya tatu, akaikosa Kokura mara tatu, kisha akaangusha bomu Nagasaki karibu kilomita 3 kutoka alipotakiwa kulenga. Saa ilikuwa 5:02 asubuhi. Kufikia mwisho wa mwaka, makadirio yanataja vifo 70,000 hivi.

Wazee walikuwa na breki. Roosevelt alipokubaliana na Churchill kule Hyde Park, Septemba 1944, waliandika kwamba huenda bomu litumike dhidi ya Wajapani baada ya kutafakari kwa kina. Stimson, waziri wa vita mwenye miaka 77, aliing'ang'ania Kyoto hadi ikatolewa kwenye orodha. Truman aliachia tu.

 

Tarehe 10 Agosti Groves alimwarifu Marshall kwamba bomu lingine lingekuwa tayari kuangushwa baada ya tarehe 17 au 18. Marshall akaandika kwa mkono chini ya barua hiyohiyo kwamba lisiangushwe Japani bila idhini ya wazi ya rais. Ni sentensi moja tu, na nafasi yake ilikuwa kwenye amri ya tarehe 25 Julai.