Heko kwa Wataalamu wa Mionzi
Zamani, mgonjwa wa saratani ya mapafu ambaye mwili wake hauwezi kuhimili kisu alipewa subira nyingi na tiba chache. Miaka ya 1990, Ingmar Lax na Henric Blomgren wa Hospitali ya Karolinska, Stockholm, walifungua njia: miale ya mionzi itoke pande nyingi, ikutane kwa nguvu zote kwenye uvimbe. Si kazi nyepesi, kwani pafu halitulii. Kila pumzi huusogeza uvimbe. Mwanafizikia hupiga hesabu, mteknolojia humlaza mgonjwa kwa usahihi wa milimita. Uvimbe mdogo ambao haujasambaa mara nyingi hudhibitiwa kwa vipindi 3 hadi 5 tu, bila kupasuliwa. Hongereni sana! Nawe msomaji, ili uvimbe ugundulike ungali mdogo, kikohozi kikizidi wiki 3, nenda ukapimwe.