Ufundi wa Kuagiza

Tarehe 25 Oktoba 1854, katika vita vya Krimea, Lord Raglan aliyeliongoza jeshi la Uingereza alikuwa juu kilimani karibu na Balaclava. Kutoka pale aliona Warusi wakielekea kuondoa mizinga waliyoiteka kwenye vilima vya jirani. Akatuma karatasi yenye maneno machache: wapanda farasi wasonge mbele haraka, wamzuie adui asichukue mizinga. Lord Lucan aliyeipokea alikuwa bondeni na mizinga hiyo hakuiona. Alipouliza ni ipi, Kapteni Nolan, mleta karatasi, alimjibu kwa jeuri na kunyoosha mkono tu. Ukaonekana kuelekea mwisho wa bonde, ambako Warusi walikuwa wamepanga mizinga yao wenyewe. Wapanda farasi wapatao 670 wakaingia humo. Zaidi ya 100 walikufa, Nolan akiwa wa mwanzo.

Agizo lile halikuwa la kipumbavu. Lilikuwa fupi, lilitaja lengo, na kwa aliyekuwa kilimani halikuwa na utata hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba lilitolewa na mtu aliyesahau kuwa mwenzake haoni anachokiona yeye, na sioni kosa linalowapata wakubwa wa kazi mara nyingi kuliko hili. Meneja anayemwambia mtunza ghala "panga saruji vizuri" ana picha kamili kichwani: mifuko ya zamani itoke kwanza, isikae sakafuni ikala unyevu ikaganda. Picha hiyo hakuitoa. Alichokitoa ni neno "vizuri", kisha jioni anagomba.

Wapo watakaosema kwamba kueleza kila kitu ni kumdharau mtu anayeijua kazi yake. Wana haki kwa nusu. Fundi mzoefu akielekezwa namna ya kushika nyundo, ataacha kufikiri, au ataacha kazi. Lakini uwazi si wingi wa maneno. Mwagizaji hodari husema matokeo anayoyataka, sababu yake na mpaka usiovukwa. Njia humwachia mtendaji. "Mifuko iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, na yote ikae juu ya mbao": hapo pamebaki nafasi kubwa ya akili ya mtunza ghala.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba aliyepokea naye ana mdomo, asipoelewa, aulize. Lucan aliuliza! Jibu alilopewa lilimfunga kinywa, na katika ofisi zetu wengi hawafiki hata hapo, kwani kumuuliza mkubwa mara mbili huhesabiwa utovu wa adabu. Ndiyo maana "umeelewa?" ni swali bovu. Lina jibu moja tu, "ndiyo, bosi", na jibu hilo halisemi lolote. Marubani wameshalitatua jambo hili: anayepewa urefu wa kuruka au njia ya kutua hurudia maneno yenyewe kwa mwongozaji wa ndege, naye husikiliza kama yamerudi sawa. Hakuna anayeona ametukanwa. Kazini yatosha kuuliza, "Utaanzia wapi?" Mtunza ghala atajibu kwamba ataanza na ile mifuko ya karibu na mlango, na meneja atakumbuka kuwa ghala lina milango miwili.